Maji ya Yamuna, Ghorofa ya Tatu

Siku ya kwanza nilipanda ngazi za nyumba ile ya Saint-Gilles, hapa Ubelgiji, huku nikimgombeza kaka yangu kwenye simu, kwa Kiswahili cha Bukavu, bila kumung'unya maneno. Nilikuwa nimechelewa, tramu ilikuwa imejaa pomoni, na ghorofa ya tatu bila lifti ni adhabu kwa mtu mwenye magoti kama yangu. Nilipofika juu nikakuta mlango wazi na bibi kizee wa Kihindi amekaa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa sari ya pamba na juu yake sweta la mwanamume.

"Umuache ule kaka yako," akasema. "Banaume ba Bukavu njo vile bako. Ingia, funga mulango, baridi inaingia."

Nilisimama mdomo wazi. Shirika la wasaidizi wa nyumbani lilikuwa limenipa anwani tu, na hakuna aliyejua kwamba linamtuma mtu wa Bukavu kwa mtu wa Bukavu. Mume wake alikuwa na duka la vitenge kule kwetu. Yeye aliletwa kutoka Gujarat akiwa bibi harusi, akajifunza Kiswahili kwenye kaunta kabla ya kujifunza Kifaransa. Vita viliwatoa wakaja Ubelgiji na binti yao mmoja, na mume akafia huku. Kazi yangu ilikuwa kumwosha asubuhi, kumvalisha, kumlisha, na kubadilisha shuka alizochafua. Nilimwita Maman. Yeye aliniita mutoto, ingawa nina watoto watatu na mvi ninazopaka rangi.

Lazima niseme kwamba mimi si mtu wa kukaa. Nikimaliza kazi yangu natafuta nyingine, na nisipoipata naanza kupanga vitu vya watu. Ndiyo maana niliijua rafu ya sebuleni kuliko binti mwenyewe. Palikuwa na picha ya mungu kijana mwenye ngozi ya samawati, palikuwa na mrehani kwenye chungu, na palikuwa na kile alichokiita lota: chombo kidogo cha shaba, chenye tumbo na shingo, kimezibwa mdomo kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa na kuvalishwa kisari chekundu chenye vimetameta. Ndani, alinieleza, kuna maji ya mto Yamuna. Yeye na mume wake waliwahi kuhiji Mathura, mji ambamo mto huo unapita, wakarudi nayo Bukavu. Kwa watu wa dhehebu lake Yamuna ni mungu mwenye uso na mapambo, na wanamwita mama. Mtu anapokata roho anawekewa mdomoni jani la mrehani na matone ya maji yale.

"Bintu byote tuliacha kule," alisema. "Duka, nyumba, foto za harusi. Ile apana. Niliificha mu gunia ya muchele. Njo yangu ya kufa nayo."

Alilisema hilo kama mtu anayeonyesha tiketi ya treni. Nami nililipenda, maana wagonjwa wangu wengi hawataki hata kulitamka neno kufa.

Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, kwa hiyo lota hakulinyanyua kamwe. Aliligusa kwa ncha ya kidole kila asubuhi, kisha akagusa macho yake. Aliyelinyanyua ni mimi, nilipofuta vumbi. Ijumaa moja nilihisi ni jepesi mno. Nililitikisa karibu na sikio, kimya. Nikalivua kisari, na pale kwenye kiungo cha tumbo nikaona ufa mwembamba umezungukwa na kutu ya kijani. Maji yalikuwa yamekwisha zamani, na yeye alikuwa akiinamia shaba tupu. Nililivalisha haraka, nikaenda jikoni kuosha vyombo visivyokuwa vichafu.

Binti yake ni mfamasia kule Schaerbeek, mwanamke wa miaka hamsini na kitu anayetembea haraka kuliko mimi. Nilianza kwa kumwita Madame, akanikataza, basi nikamwita Yaya, dada mkubwa. Jioni ile nilimsubiri kwenye ngazi.

"Yaya, ile lota haina kitu mu ndani."

"Comment ça?"

"Haina. Nimetikisa. Ilipasuka."

Aliegemea ukuta na mifuko yake ya sokoni. "Mama anajua?"

"Hajui. Na mi sitamwambia, wewe njo mutoto yake."

"Bon," akasema. "Mwezi wa tano ninaenda Gujarat, kuko mariage ya cousine. Nitapita Mathura. Nitaleta ingine, pleine, imejaa, na hatajua kitu."

Alimwambia mama yake kwamba atamletea maji mapya, akaishia hapo. Maman alifurahi mpaka akaomba nimpake mafuta nywele. Wiki zile alinisimulia mto huo nikimwosha, nikimlisha, nikimkata kucha. Alisema mtu akirudi kutoka hija wanalivalisha lota, wanawake wanaimba, kisha linafunguliwa na kila mtu aliyefika anapewa funda moja, hata majirani. "Na wewe utakunywa," akaniambia.

"Mimi Mukatoliki, Maman."

"Mukatoliki hasikiake kiu?"

Nilicheka, lakini nilikuwa na wasiwasi, maana alikuwa anapungua. Daktari alikuwa amesema wasimrudishe hospitali tena, abaki nyumbani. Chakula alikiweka mdomoni akakisahau. Nilikuwa nikifungua mlango asubuhi natega sikio kwanza, nimsikie anapumua, ndipo navua koti. Akifa kabla binti hajarudi, nilijiambia, ni mimi nitakayesimama pale na lota tupu.

Yaya alirudi. Alikuja moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, hakuingia sebuleni, akanivuta jikoni na kutoa kwenye sanduku chupa ya plastiki iliyofungwa ndani ya skafu, na skafu ndani ya mifuko miwili.

"Kwa nini haiko lota?" nikauliza.

"Lota ziko, banauzisha. Nikauliza muuzaji, hii maji mulikamata wapi. Akaangalia pembeni. Alors nikaenda kukamata mwenyewe."

Alinisimulia akiwa amesimama, koti mwilini, sauti chini. Mto ulikuwa umeondoka kwenye ngazi za mawe ambako watu wanaoga. Ilibidi akanyage tope kuufikia. Mwenye mashua alimpeleka mbele kidogo tu, mashua ikakwama, akashuka kuisukuma na maji hayakufika magotini. Mtu huyo alimwambia kwamba mto wenyewe hubaki kule juu, wanaukamata kwenye mabwawa na kuupeleka mashambani na kwenye mabomba ya mji mkuu, na kinachoteremka mpaka pale wakati wa kiangazi ni maji ambayo mji umekwisha kuyatumia. Alinionyesha kwenye simu povu jeupe limelala juu ya maji meusi, na katikati ya povu wanawake wamesimama, wamefumba macho, wanasali. Wengine walikunywa. Yaya alijaza chupa, akatapika, akafunga kifuniko.

Niliifungua nione. Heri nisingeifungua. Ilinuka mayai viza na sabuni kwa pamoja.

Hapa inabidi uelewe mtu wa Kivu ni mtu gani. Mimi nimekulia penye kipindupindu. Mama yangu alichemsha maji ya kunywa, ya kunawa mikono, hata ya kuoshea nyanya, na mpaka leo, katika jiji ambalo maji ya bomba ni safi, nachemsha ya wanangu na wananicheka. Kwa hiyo sikufikiri. Nilichukua sufuria, nikamimina nusu ya chupa, nikawasha jiko.

"Unafanya nini?"

"Ninachemusha."

"Mais non. Moto inaua microbes tu. Bintu bya usine, sumu ya viwanda, habiendake na moshi. Unaipunguza maji, na uchafu unabakia palepale."

Nilizima, lakini yalikuwa yameshachemka. Povu la kijivu lilikuwa limeshika pembeni mwa sufuria, na maji yenyewe yalikuwa yamerudi chini ya alama yalipoanzia. Mto uliopunguzwa kule juu kwa mifereji, mimi nilikuwa nimeupunguza mara ya pili kwa jiko la Saint-Gilles. Yaya alianza kucheka, kicheko kibaya kinachokaribia kulia, na nami nikacheka kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu.

"Nitamutilia maji ya magasin," akasema alipotulia. "Ya chupa, propre, safi. Hatajua."

"Muniletee," ikasema sauti kutoka sebuleni.

Nyumba ile ni ndogo, na sisi tulikuwa tumesahau kunong'ona. Tuliingia kama watoto walioshikwa na sukari mdomoni. Maman aliomba simu, akaomba miwani, akaangalia ile video mpaka mwisho, kisha akataka irudiwe. Harufu ilikuwa imeshatufuata kutoka jikoni.

"Hii nyeupe ni nini?"

"Savon, Mama. Na mavi ya bantu. Na bintu bya usine."

"Na ngazi? Siku zetu maji ilikuwa inafika kwa ngazi."

"Imehama."

Alimrudishia Yaya simu. Kisha akaelekeza kidole chake kilichopinda kwenye rafu. "Na ile yangu?"

Yaya alinitazama, nami nikatazama zulia. "Ilikauka, Mama," akasema. "Ilipasuka kitambo."

Nilidhani hapo ndipo atakapolia. Hakulia. Alisema tu, "Kumbe na mule Yamuna alitoka," kwa sauti ya mtu anayesikia kwamba jirani amehama. Halafu akasema tumpe ile iliyopo jikoni.

"Apana," Yaya akasema. "Siku yako ikifika, mi sitakutilia ile mu kinywa. Siwezi."

"Juu ya nini? Nitakufa?"

Mungu anisamehe, nilicheka. Yaya hakucheka. Uso ulikuwa umemwiva. "Haiko juu ya kufa. Ni honte, aibu. Mama yangu, dakika yake ya mwisho, na mi nimupe uchafu ya bantu? Uliniosha tangu mutoto, na mi nikulipe vile?"

Maman alinigeukia. "Huyu ananiosha kila asubui. Mavi yangu anatoa na mukono yake. Alisha kunitupa?" Hakusubiri jibu. "Yamuna ni mama. Batoto bake njo balimuchafua, na maji yake balimunyanganya. Sasa ni mugonjwa, hana nguvu ya kutembea, ananuka. Mutamwambia abakie inje?"

Yaya alichukua sanduku lake akaondoka bila kuaga. Nilimsikia akishuka ngazi, magurudumu yakigonga kila kipandio.

Tangu siku hiyo sikutulia. Maman aliniamuru nilivue lota lile tupu kisari chake niivalishe chupa, nami nikafanya hivyo, na ikawa chupa ya plastiki ya rangi ya buluu imesimama kwenye rafu ya Mungu na vimetameta begani. Kila asubuhi alitaka nimsogeze aiguse. Yale ya kwenye sufuria hakuruhusu niyamwage kwenye sinki, nikayarudisha ndani. Uchafu ulituama chini, na nikigusa rafu kwa kitambaa ulipanda tena. Nikaacha kufuta vumbi pale, mimi, ambaye siwezi kuona vumbi.

Nilijaribu kumbembeleza. Nilimwambia kwamba maji ya baraka ya parokia yetu yanatoka kwenye robinet, bomba la sakristia, nimeona kwa macho yangu padri akijaza ndoo, na tunajipaka usoni kwa imani yote. "Basi bakubarikie ya robinet, Maman. Ni safi."

"Yenu muntu anaibarikia," akasema. "Hii njo inatubarikia sisi. Haiko kitu moja."

Nikaenda kumenya viazi.

Nikitoka kazini sikuenda nyumbani moja kwa moja. Nilitembea mpaka Porte de Namur, kwenye maduka ya watu wetu, nikaingia dukani, nikatoka bila kununua kitu. Niliwahi kusikia kwamba jiji hili nalo lina mto wake, na kwamba wenyewe zamani waliufunika kwa barabara na majumba kwa sababu ulikuwa unanuka, na sasa unapita chini kwa chini watu hawajui. Nilikuwa nikivuka njia karibu na kituo cha treni cha Gare du Midi najikuta natazama lami, nina hasira na watu waliokufa zamani. Kisha nikakumbuka kwetu. Nikakumbuka mlango wa mto Ruzizi, pale maji yanapotoka Ziwa Kivu kuelekea mitambo ya umeme, ambako chupa na mifuko ya mji mzima imejazana mpaka ndege wanatembea juu yake. Chupa zangu pia zimo mle, za soda nilizokunywa nikiwa msichana. Mama yangu angali anaishi juu ya kilima kile, ana miaka themanini na kitu, na siku yake ikifika ni mkono wa mtu mwingine utakaomgusa mdomo, maana mimi nitakuwa huku, kwenye ngazi za watu. Hilo ndilo lililonikosesha raha. Nilimwonea wivu Yaya, aliyekuwa na mama yake umbali wa tramu moja na hakutaka kumpa alichoomba.

Nilimwambia hivyo. Alikuja Jumapili, nikamfuata jikoni nikamwambia hivyohivyo nilivyoandika, nikijua anaweza kupiga simu kwa shirika nikapoteza kazi. Alikuwa anapanga dawa za wiki kwenye kijisanduku. Hakuinua kichwa.

"Wewe ungemupa mama yako?"

"Siyui," nikasema, na ndiyo ilikuwa kweli.

Siku yake ilikuja, asubuhi ya kawaida, mvua nje, beseni langu la maji moto tayari kando ya kitanda. Nilimgeuza Maman upande nimwoshe mgongo, nikasikia pumzi yake imebadilika. Ilikuwa inakuja, inasimama, inakuja. Nilimlaza vizuri, nikampigia daktari, nikampigia Yaya. Nikachukua chupa kutoka kwenye rafu, nikachuma jani la mrehani, nikatafuta kijiko, nikaviweka vyote mezani, nikakaa juu ya mikono yangu. Nilikuwa naomba rozari na hapohapo nakokotoa: asipofika, nitafanya. Asipofika, nitafanya mimi. Sikujua kama ningeweza.

Yaya alifika na koti jeupe la famasia, amelowa, hana pumzi. Mkononi alikuwa na chupa ndogo ya maji ya dukani. Aliiweka mezani kando ya ile iliyovaa sari. Mama yake alikuwa amefumbua macho, ila sidhani kama alituona. Mdomo ulikuwa wazi.

Yaya alizitazama chupa mbili. Kisha akafungua ile ya sari, na harufu ikajaa chumbani. Aliloweka jani, akaliweka kwenye ulimi wa mama yake, akajaza kijiko. Nusu ilimwagika kidevuni, nusu ikaingia. Tulimwona anameza. Nilitarajia uso wake ukunjamane, nilijiandaa kabisa, lakini haukukunjamana. Alimeza kama mtu aliyekuwa na kiu, akavuta pumzi mbili tatu, na nyingine hatukuisikia.

Kijikoni yalikuwa yamebaki matone. Yaya alitafuta pa kuyaweka. Sinki ni mwiko, sakafu ni mwiko. Aliyanywa. Nilisema, "Yaya, apana," nimeshachelewa. Alifuta mdomo kwa mkono wa koti lake jeupe.

"Ni ya chumvi kidogo," akasema, na hapo ndipo alipolia.

Mimi hakuniambia ninywe, na nisingekunywa. Nasema wazi. Lakini aliniomba nimwoshe mama yake kabla ya watu wa mazishi kufika, na maji yaliyobaki niyatie ndani ya beseni, kwa sababu kwao maiti huoshwa hivyo. Niliyamimina yote. Beseni langu lililokuwa safi likawa la kijivu, nami nikachovya kitambaa, nikakikamua, nikaanza na uso kama kawaida yangu, nikashuka shingoni na mikononi, kila kidole kilichopinda peke yake. Nimeosha wazee wengi katika jiji hili, na sikuzote uchafu ulikuwa wao na usafi ulikuwa wa maji. Asubuhi ile yeye alikuwa safi kuliko maji, nami hata hivyo nilimwosha.